Msumari wa nini kwenye ukuta wa chokaa?

Jamani, nani aliwaambia mafundi wapigilie msumari wa inchi 3 wa kutundikia fremu za picha kwenye kuta za Mji wa Kale? Ni mawe ya matumbawe na chokaa yale! Plasta inamomonyoka, tundu linakuwa pango, usiku fremu inaporomoka mtaa mzima unaamka. Toboa kwa drili ya milimita 6, bila kugongagonga, futa vumbi, tia kiplastiki cha kushikilia skurubu, ndipo skurubu isiyoshika kutu. Hewa ya bahari inakula chuma, hamjui?

Na kioo mbona mnakigandisha na picha? Unyevu unanasa, ukungu unaota. Wekeni ukingo wa kadi katikati ya kioo na picha! Nyuma ya fremu, gundisheni vipande viwili vya kizibo, hewa ipite. Kizibo ni shilingi ngapi?