Saikolojia: shahada ya kwanza isome nyumbani

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, simu yangu hujaa ujumbe wa wadogo zangu wa Tanzania wanaouliza jambo lile lile: "Dada, nataka kusoma saikolojia. Nije Ujerumani moja kwa moja, au nianzie Mlimani?" Nimesoma huko na huku, shahada ya kwanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na ya pili hapa Ujerumani, na jibu langu halijabadilika. Kama nia yako ni kuja kuhudumia Watanzania, anzia nyumbani.

Najua linawaudhi baadhi. Ninaishi Leipzig, mji ambao Wilhelm Wundt alifungua maabara yake ya saikolojia mwaka 1879, na vitabu vingi huanzia hapo kuhesabu umri wa sayansi hii. Mtu anaona ninamzuia mlangoni huku mwenyewe nimeshaingia. Sivyo. Kuna mambo niliyoyapata huku ambayo nyumbani nisingeyapata, na nitayasema bila kuyapunguza.

La kwanza ni takwimu. Nafasi za saikolojia katika vyuo vya umma vya Ujerumani zinagombaniwa sana, hivyo wanaopita ni wale wenye alama za juu kabisa. Wanakuja wakidhani watafundishwa kuzungumza na wagonjwa, kisha mihula ya mwanzo wanakutana na hesabu, mbinu za utafiti na R, programu ya kompyuta ya kuchambulia takwimu. Juu ya hapo, mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutakiwa kukusanya saa za kuwa mtafitiwa yeye mwenyewe. Anakaa peke yake kwenye chumba kidogo mbele ya kompyuta, akiona duara anabonyeza kushoto, akiona mraba anabonyeza kulia, mpaka macho yanawasha. Akitoka anasainiwa karatasi yake na kwenda zake. Inachosha, lakini anajua kwa mwili wake namna zile namba za vitabuni zinavyopatikana.

La pili ni kutokuamini kirahisi. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia, na ni takriban asilimia 36 tu ya marudio hayo yaliyotoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani yasiyoelekea kuwa ya bahati tu. Wahadhiri wa huku huwaambia wanafunzi habari hiyo mapema, wazi, kuhusu fani yao wenyewe. Sisi kwenye vimbweta vya Mlimani tulikuwa na madesa ya nadharia za Freud, Piaget na Erikson, tukiyakariri kwa kuogopa sapu, mtihani wa kurudia. Sikumbuki siku tuliyoulizwa kama Erikson alikuwa sahihi.

Sasa jiulize, nani anakaa kwenye kile chumba kidogo? Ni wale wale wanafunzi, vijana wa Ulaya wenye alama za juu. Mwanasaikolojia Jeffrey Arnett alipitia majarida sita makubwa ya saikolojia ya Marekani na mwaka 2008 akaonyesha kwamba asilimia 96 ya watafitiwa walitoka nchi tajiri za Magharibi, zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Kijana wa miaka kumi na tisa anayeanza na saikolojia hiyo, bila kuwahi kuketi na mgonjwa wa kwao, ataichukua kuwa ndiyo akili ya binadamu. Hana cha kupimia. Hata pale Afrika Mashariki ilipochangia, mchango wenyewe hutajwa haraka haraka. Mary Ainsworth, mtafiti wa namna mtoto anavyofungamana na mama yake, aliangalia watoto na mama zao katika familia 26 za Uganda, miaka ya 1954 na 1955, kabla ya kufanya kazi iliyompa jina kule Baltimore, Marekani. Darasani tulitumia wiki nzima kwa Baltimore. Uganda ilipata slaidi moja.

Nyumbani nilifundishwa na watu. Nikiwa kwenye mafunzo kwa vitendo katika hospitali moja ya Dodoma, nilikabidhiwa dodoso la maswali tisa la kupima sonona, lile linalouliza katika wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na hiki au kile: hapana kabisa, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku hizo, au karibu kila siku. Mbele yangu alikaa mzee wa Kigogo, kofia ameiweka mapajani. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, mvua zinasemaje. Nikauliza la kwanza, kama amepungukiwa hamu ya kufanya mambo. Akaanzia mwaka ng'ombe wake walipokufa kwa ukame, akapitia kwa mwanawe aliyehamia Morogoro na kukaa kimya, akafika kwenye usingizi. Nilipotaka kumkatisha ili achague jibu moja kati ya manne, aliinua mkono. "Mjukuu wangu, wewe andika. Mimi nakueleza."

Karibu kila nilichotakiwa kuuliza kilikuwamo humo, isipokuwa swali la tisa, la kutamani kufa au kujidhuru. Binti mdogo amuulize hivyo mtu wa umri wa babu yake? Kujaribu kujiua ni kosa katika Kanuni ya Adhabu yetu, kwa hiyo kwetu swali hilo lina hofu ambayo waliotunga fomu hawakuifikiria. Mama aliyekuwa akinisimamia alivuta kiti, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba, kwa mzigo wote huo, hakuna siku uliyotamani upumzike moja kwa moja?" Mzee akatazama kofia yake, akasema zipo.

Huku Ujerumani mgonjwa hupewa fomu hiyo akaijaza mwenyewe kwa dakika chache, halafu anaingia peke yake, mlango unafungwa, dakika hamsini. Ni utaratibu mzuri, tena bima hulipa, ingawa foleni ya kumpata mtibabu huchukua miezi. Ila haukufundishi la kufanya mama, mjomba na jirani wakiingia wote na mgonjwa, na kila mmoja anamjibia.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ni ya kweli. Tangu Septemba 2020 Ujerumani ina sheria mpya ya watibabu wa kisaikolojia: shahada ya kwanza miaka mitatu, ya pili miwili, mtihani wa serikali, kisha miaka mingine ya ubobezi. Mwenye shahada ya kwanza ya kwetu huona shida kubwa kuingia kwenye njia hiyo. Kwa hiyo anayetaka kuwatibu Wajerumani, kwa Kijerumani, aanzie huku. Ajue tu kwamba kozi nyingi za shahada ya kwanza ni za Kijerumani, na kwamba kwa kawaida viza ya mwanafunzi hutaka fedha za kujikimu za mwaka mzima kwenye akaunti maalumu, euro 11,904 kwa kiwango kilichoanza Septemba 2024.

Nyumbani nako kuna uzembe unaoniumiza. Saikolojia ya Mlimani imekaa chini ya Shule ya Elimu, na waajiri wengi wanatuona walimu tu. Kenya walitunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014. Nasi tunahitaji mhitimu atambulike kwa fani yake, na muda wa mafunzo kwa vitendo uongezwe, kwa sababu pale ndipo fani yenyewe ilipo.

Mdogo wangu, ukishapata nafasi, omba mafunzo kwa vitendo hospitali za Mirembe, Lutindi au Muhimbili, na ukae kadiri watakavyokuruhusu. Jifunze R mwenyewe, haiuzwi, na laptop ya mtumba inatosha. Kisha tafuta shahada ya pili mahali ambapo wanatafiti watu wa pande nyingi za dunia; hapa Leipzig kuna watafiti wa taasisi ya Max Planck wanaolinganisha watoto wa jamii mbalimbali. Ukifika hapo, nitumie barua yako ya maombi. Nitaisoma yote.