Sista Kikiokotwa Kirudishwe

Jamani, leo hospitali nimehudumiwa na watu saba, wote wa ukoo mmoja: Kikiokotwa Kirudishwe. Kuanzia dada wa dirisha la kadi hadi kijana wa maabara. Kitambulisho kipo shingoni, kamba ya bluu, plastiki inang'aa, ila kimelala kifudifudi. Jina limekumbatia kifua, sisi tumebakiziwa mgongo: "Kikiokotwa kirudishwe kituo cha polisi kilicho karibu." Serikali ina waraka wa mavazi ya watumishi tangu 2007, habari za nguo fupi na za kubana tunazijua. Hili la kadi kulala kifudifudi ni vazi gani?

Nilikwenda kumpelekea mama mkwe uji. Uji tu. Getini mlinzi akachukua kadi yangu ya NIDA, ile niliyoihangaikia hadi soli ikaisha, akanivika kamba yenye kadi ya MGENI 14. Dirishani mtandao uko chini. Ya bima sisemi, tunajuana.

Wodini dripu ya mama imekauka. Naita, "Subiri." Naita, "Nakuja, baba." Nikashuka dawati la malalamiko, mtu mzima, shati nimechomekea. Nikapewa fomu. Mstari wa kwanza: Jina la mtumishi anayelalamikiwa.

"Silijui, dada."

"Si ungesoma kitambulisho chake?"

Namtazama na yeye. Kikiokotwa Kirudishwe.

Nikapanda tena ghorofa ya tatu. Sista amefika, anabadilisha dripu, na mimi nimesimama upande wa pili wa kitanda na fomu na kalamu. Juu yetu panga boi linajikokota, kapasita imechoka. Mimi fundi wa mafriji na mafeni, ule mlio naujua hata nikiwa usingizini. Kila upepo ukipita, kadi ya sista inanyanyuka ubavu, inataka kugeuka, inaghairi. Nikaona "A". Ikalala. Nikasogea. Ikanyanyuka tena: "As". Asha? Asnati? Asumpta? Nikainamisha shingo kama kuku aliyesikia kipanga. Upepo ukaja, nikachuchumaa kidogo, "Ast"...

"Baba Rehema." Sauti ya mama mkwe, ile ile ya siku ya mahari. Kijiko cha uji kimesimama hewani. "Unatafuta nini hapo?"

"Jina, mama."

"Jina la mtu linatafutwa kifuani?"

Vitanda vitatu vikageuka. Mzee mmoja alikuwa na bandeji jicho moja, akalitumia lililobaki.

Sista wala hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. "Baba, nikikigeuza hiki, usiku napigiwa simu na ukoo mzima. Juzi mmoja kanitafuta hadi Facebook, ananiuliza majibu ya mkojo." Nikakosa la kusema. Lakini na mimi jina langu si liko ukutani pale kibandani, rangi nyekundu, na namba mbili za simu? Friji ikigoma natukanwa majina yote matatu, na ninapokea!

Mpwa wangu anasomea uuguzi, anasema hata Uingereza mwaka 2013 daktari mmoja, Kate Granger, alilazwa akakuta wanaomhudumia hawamwambii majina yao, akaanzisha kampeni watu wajitambulishe kwa mgonjwa. Daktari huyo, kalazwa kwa madaktari wenzake! Mimi na chupa yangu ya uji ni nani? Mpwa huyo huyo anasema kamba za shingoni nazo zinabeba vijidudu kitanda hadi kitanda. Basi, hata kikiokotwa, mimi sikigusi.

Kwa aibu nikapanda stuli nikaguse lile feni, angalau nionekane nina kazi. Kumbe kadi yangu nayo imegeuka, MGENI 14 imeangalia tumbo. Bibi wa kitanda cha dirishani akanivuta suruali: "Dokta, hizi za njano nameza kabla ya kula au baada?" Nikamwambia amuulize sista. "Sista yupi?" Sasa hapo mimi nijibu nini, jamani? Nijibu nini!

Jioni narudisha kadi getini, zamu imebadilika.

"NIDA yako uliiacha kwa nani?"

"Kwa mlinzi."

"Mlinzi gani? Anaitwaje?"

Nimepanda daladala hivyo hivyo, kamba shingoni, konda ananiita dokta na chenji yangu ya mia mbili hajarudisha. Nauli hata sizungumzii. Kesho narudi na kapasita, maana mama mkwe ameagiza, joto halimruhusu kulala, na nani atanilipa hata sijui. Na ile chupa ya uji nimeisahau juu ya kabati la kitanda. Si yetu ile. Mama Rehema aliazima kwa jirani, na jirani mwenyewe mnamjua.