Kuhamia Tanga: utangulie peke yako au mfungashe wote?

Barua ya uhamisho ikishafika mezani, mabishano ya nyumbani huanzia hapa: baba (au mama, siku hizi barua haichagui) atangulie Tanga peke yake, au familia yote ifungashe? Swali hili nalisikia zaidi miaka hii. Bandari imeongezwa kina na meli kubwa sasa zinafunga gatini badala ya kushushiwa mizigo kwenye matishari. Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Wageni wa kikazi wanaongezeka, na madalali nao.

Wanaosema tangulia wana hoja nzito. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo, na dalali anachukua yake ya mwezi mmoja juu ya hapo. Ukilipia nyumba ambayo hujailala hata usiku mmoja, unaweza kugundua baadaye kwamba mita ya LUKU ni moja kwa wapangaji wanne, na umeme ukiisha mnaanza kutazamana nani ana jokofu. Aliyetangulia anapanga chumba kimoja Ngamiani, ambako hata mgeni hapotei kwa kuwa mitaa imenyooka na barabara zina namba, kisha anatembea jioni akilinganisha. Raskazone kuna upepo wa bahari na kodi inayofanana nao. Kange uko jirani na stendi lakini bahari huisikii.

Halafu kuna kazi ya mwenza. Naye akiwa mtumishi wa umma anaweza kuomba uhamisho wa kumfuata mwenza, japo majibu huchukua muda. Mwenye duka la vitenge Kariakoo je? Wateja wake hawahamishwi na katibu mkuu. Kumwambia afunge aje aanze upya soko la Mgandini ni kuinyang'anya familia kipato cha pili, ambacho mara nyingi ndicho cha kwanza.

Wengi hufunga mjadala hapo. Mimi sifungi.

Nenda stendi ya Kange Ijumaa baada ya swala. Utawaona: shati la ofisini bado limechomekewa, begi dogo mgongoni, mkononi mfuko wa samaki wa kukaanga wa kupeleka nyumbani. Mpaka Dar ni kilomita kama 350 kupitia Segera na Chalinze. Anafika Mbezi usiku, Jumamosi anaamka na uchovu, Jumapili mchana yuko tena ndani ya basi. Nauli, kodi mbili, LUKU mbili, na kula kwa mama ntilie kila siku kwa sababu chumbani hakuna jiko la maana. Hao ndio wanaokwambia wanabana matumizi. Wachukue kalamu wapige hesabu ya mwezi mmoja tu.

Na kuna hasara isiyoandikika kwenye hesabu hiyo. Mambo mengi ya mtaa huwekwa mwisho wa wiki: harusi na vikao vyake, khitma, hata soka pale Mkwakwani Coastal Union ikiwa nyumbani. Anayeondoka kila Ijumaa hujulikana kazini basi. Salamu atapewa, Tanga hatuna uchoyo wa salamu, lakini usiku atakaopandwa na homa hajui agonge mlango wa nani ili apelekwe hospitali ya Bombo. Familia iliyohamia hupata hayo bila kuyatafuta. Mtoto anafuatana na wa jirani kwenda madrasa, mama anaitwa kusaidia kupika kwenye shughuli, na sahani ya bada, ugali wetu wa muhogo, na samaki inaletwa mlangoni hata hamjaizoea. (Mtu wa bara huidhania ugali ulioharibika. Mpe mwezi.)

Kwa hiyo ninasema tangulia, ila kwa tarehe. Barua ikitoka Julai, mwaka wa fedha unapoanza, kodi ya miezi sita itaisha Desemba, na shule zinafungua mwaka mpya Januari. Mtoto anamalizia darasa alikoanzia, hasa akiwa la nne, la saba au kidato cha nne, maana kumhamisha mwenye mtihani wa taifa katikati ya mwaka ni kumtesa. Katika miezi hiyo anayelala Tanga ajizuie kukimbilia Dar kila wiki. Likizo ya Septemba wenzake ndio wapande basi waje wauone mji. Desemba ikipita bila nyumba ya familia kupatikana, mjue mmeshachagua kuishi mbalimbali, hata kama hakuna aliyetamka.

Wapo wanaosubiri barabara ya Bagamoyo, Saadani na Pangani ikamilike ili safari iwe fupi. Itasaidia, lakini ndoa haisubiri lami.

Anabaki mwenye duka Kariakoo, na kwake sina jibu la kumpendeza kila mtu. Akiwa na mdogo wake anayemwamini, amwachie kaunta na yeye atumiwe mzigo Tanga kwa basi, ajaribu hata kibanda kidogo. Lakini kama duka hilo ndilo linalosomesha watoto, asihame. Mwenye barua ndiye aombe kurudishwa Dar, hata kama ni kwa cheo kidogo zaidi, kuliko kuipanga miaka mitano juu ya kiti cha basi.