Dansi ya Kihispania na muziki wa opera: kwa koo au kwa miguu?

Washika flamenko, dansi na muziki wa kimila wa kusini mwa Uhispania, wanaukataa muziki wa opera za Kifaransa, na hoja yao ni nzito. Soleá, mtindo mmoja wa flamenko, huzunguka katika mapigo 12, mkazo ukiangukia la 3, 6, 8, 10 na 12. Huo mzunguko huupati kwa Bizet, mtunzi Mfaransa wa opera “Carmen”, ambaye hakuwahi hata kufika Uhispania. Anayecheza “Carmen” akatangaza kuwa ni flamenko anapotosha watazamaji.

Ila dansi ya karakta haikudai kuwa flamenko. Ni hatua za kimila zilizopangwa upya kwa mwili uliofunzwa baleti, na mwili huo unataka kusikia mapema kila sentensi ya muziki inaishia wapi. Ndiyo maana Massenet, mtunzi mwingine Mfaransa, anaonewa. Dansi saba za opera yake “Le Cid” (Paris, 1885) zilitungwa zichezwe: Aubade nyepesi kwa hatua ndogo za mmoja, Navarraise yenye kishindo kwa kundi zima.

“Carmen” inataka kuchaguliwa. Aragonaise, inayotangulia tendo la nne, ni ya okestra tangu mwanzo, lakini inakimbia. Ukiweka pas de basque (hatua ya kuzungusha mguu na kuhamisha uzito) moja kwa kila kipimo, yaani kila kundi la mapigo, plié (kukunja magoti) inapotea na visigino vinaburuzwa; igawe kwa vipimo viwili, mikono ijaze. Habanera, wimbo wa Carmen, ikichezwa na okestra bila mwimbaji ni ngumu zaidi: besi ni ileile mwanzo hadi mwisho, na maneno yakishaondoka, ubeti wa pili ni marudio matupu. Ikate.

Kinachoharibu maonyesho mengi, hata hivyo, ni kastaneti, vibao vidogo vya kugonganisha mkononi. Castillane, mojawapo ya zile dansi saba za Massenet, inazo tayari ndani ya okestra, kisha mchezaji anaongeza zake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Akiwa mita 17 kutoka kwenye spika, anausikia muziki ukiwa umechelewa sekunde 0.05, anagonga kwa alichosikia, na mlio wake unachelewa tena kiasi hicho kumfikia aliyekaa karibu na spika. Jumla 0.1. Kwa kasi ya vipimo 80 vya 3/8 (mapigo matatu kila kimoja) kwa dakika, pigo moja ni sekunde 0.25, na kuchelewa huko ni karibu nusu yake, kwa hiyo watu wanasikia milio miwili na kumlaumu mchezaji, ambaye hakukosea. Weka spika ndogo pembeni mwa jukwaa, zimwelekee yeye. Zikikosekana, acheze bila kastaneti, mdundo ubaki kwa visigino.