Shabiki wa Msimbazi katika mji wa Sunderland

Mtu aliyelelewa Magomeni katika nyumba ya Simba hawezi kuhamia mji wa Sunderland, kaskazini mashariki mwa Uingereza, asijione amefika ukweni. Klabu yetu, iliyoanzishwa mwaka 1936, iliwahi kuitwa Sunderland na haikupewa jina la Simba hadi mwaka 1971. Marehemu babu yangu aliendelea kulitumia jina la zamani mpaka alipofariki. Nilidhani, basi, kwamba mambo ya mpira ndiyo yatakayonipa shida ndogo kuliko yote ya ugenini.

Wiki yangu ya kwanza kazini, mwenzangu mmoja alisogeza sahani kando akasema kwamba yeye si “fan” wa samaki. Nilimwelewa, lakini nilipojaribu kuyatia maneno hayo katika Kiswahili nilicheka peke yangu. Kwetu mtu hupenda samaki au hapendi. Hawezi kumshabikia changu, kwa kuwa kushabikia kunataka awepo mpinzani wa kuzomewa.

Neno hilo la Kiingereza huelezwa kuwa ni kifupi cha “fanatic”, lenye asili ya Kilatini, ambalo lilimtaja mtu aliyepandwa na wazimu wa hekaluni, na lilienea kwanza Marekani katika besiboli mwishoni mwa karne ya 19. Halina undugu na feni inayotupepea, ambayo jina lake limetoka kwenye neno la Kilatini la ungo wa kupetea nafaka. Leo wazimu ule umepoa kabisa, kiasi kwamba mtu huweza kuwa “fan” wa chai au wa soksi nene.

Labda ndiyo sababu wazee niliowazoea hapa, wakizungumzia timu yao, hupendelea “supporter”, yaani mtu anayeishikilia nguzo isianguke. Sunderland ilishuka kutoka Ligi Kuu mwaka 2017, mwaka uliofuata ikashuka tena hadi daraja la tatu, na hata hivyo katika msimu wake wa kwanza huko chini wastani wa watazamaji wake wa nyumbani ulizidi 30,000. Jirani yangu, mzee mstaafu, alikuwa akikata tiketi ya msimu mzima miaka yote hiyo. Nilipomwambia kwamba tangu utotoni mimi ni shabiki wa timu moja ya London, aliniuliza nimeingia uwanjani kwao mara ngapi, nami sikuwa na jibu la kumpa.

Kwa kipimo chake mama yangu naye si kitu, maana hajawahi kukanyaga Uwanja wa Mkapa. Lakini siku Simba inapofungwa na Yanga hapokei simu ya wifi yake hadi kesho yake jioni. Klabu zetu zina wanachama wenye kadi wanaopiga kura katika mkutano mkuu, na hao kweli ni wachache ukilinganisha na umma unaobaki nje, lakini uhai wa Simba na Yanga uko kwa umma huo: barazani, ndani ya daladala, na katika nyumba ambamo mume ni wa Msimbazi na mke ni wa Jangwani, wakitaniana juu ya sahani moja ya wali.

Kiswahili, tofauti na Kiingereza, hakikuupoza moto wa neno. Katika mabishano ya siasa, anayeambiwa “acha ushabiki” ameambiwa kwamba amefumba macho kwa makusudi. Naona ni haki shina moja libebe mapenzi na upofu, kwa sababu mtu yule yule anayeimba tangu dakika ya kwanza ndiye atakayeapa kwamba penalti iliyo wazi haikuwa penalti. Kwa hiyo hunikera kuwaona vijana wetu wakiandika kwamba wao “si mashabiki wa pilipili”, wakati kusema “sipendi pilipili” kungetosha.

Nilipomweleza mama kwa simu kwamba timu ya huku nayo huvaa nyekundu na nyeupe, aliuliza jambo moja tu: “Na Yanga wa huko ni nani?” Nikamjibu kwamba ni Newcastle. Tangu siku hiyo huulizia kwanza kama Newcastle wamefungwa.