Historia ya supamaketi ianzie kwenye anwani

Wengi wanaoamua kuandika historia ya maduka makubwa yenye matawi katika miji yao huanza na jina la kampuni, wakaishia kunakili yale ambayo kampuni yenyewe hupenda kukumbukwa nayo, yaani mwanzilishi, mwaka wa kuanzishwa na tawi la kwanza. Kwa maoni yangu mtafiti wa mji aanze na anwani. Kampuni huhama, huuzwa na kubadili majina, ilhali kiwanja hubaki palepale, kikiwa kimeandikwa katika daftari za kila ofisi iliyowahi kukitoza kodi.

Marekani, ambako biashara ya namna hii ilistawi mapema, inaonyesha sababu. A&P, iliyoanza mwaka 1859 jijini New York kwa kuuza chai, ilikuwa na maduka zaidi ya 15,000 kufikia mwaka 1930, na mengi kati ya hayo yalikuwa vyumba vidogo vya kupanga, ambamo karani alimtolea mteja bidhaa kutoka rafuni. Ni kweli kwamba Clarence Saunders alikuwa amekwisha kufungua Piggly Wiggly mjini Memphis mwaka 1916, mteja akajichukulia bidhaa mwenyewe, lakini kilichofagia vyumba vile ni maduka mapana ya mtindo wa King Kullen, ambalo Michael Cullen alilifungua mwaka 1930 huko Queens katika jengo lililokuwa gereji. Miaka michache baadaye A&P yenyewe ilifunga maelfu ya matawi yake madogo ili ijenge makubwa. Matawi hayo hayana kibao cha ukumbusho popote. Mengi yamesalia tu katika vitabu vya anwani, yaani vitabu vilivyoorodhesha wakazi na biashara za mji pamoja na mahali zilipo.

Vitabu hivyo vilichapwa kwa ajili ya miji mingi, na vingine vina sehemu inayopanga majengo mtaa kwa mtaa, hivyo mtafiti anaweza kufuata namba moja ya nyumba mwaka hadi mwaka na kuona duka likiingia na kutoka. Atahadhari na jambo moja: taarifa zilikusanywa kabla ya kuchapwa, kwa hiyo mwaka ulio kwenye jalada si lazima uwe mwaka wa kufunguliwa. Magazeti husaidia hapo, ingawa kwa upande mmoja tu. Duka lilipofunguliwa, kampuni ililipia tangazo kubwa. Lilipofungwa, mara nyingi ilinyamaza. Siku ya kufungwa basi hukadiriwa kwa kutazama ni tangazo lipi la kwanza ambalo anwani ile haimo tena katika orodha ya matawi, na mimi naona kazi hiyo ya kuchosha ina thamani kuliko sherehe zote za ufunguzi.

Ramani za bima ya moto za kampuni ya Sanborn nazo zinastahili muda wa kutosha. Humo rangi ya waridi ni jengo la tofali, njano ni la mbao, herufi S ni duka na D ni makazi. Kampuni ilipotaka kusahihisha karatasi iliyokwisha kuuzwa, ilibandika kipande kipya juu ya kile cha zamani, kwa hiyo karatasi moja yaweza kubeba miaka kadhaa kwa pamoja, na asiyeuona ukingo wa kibandiko atalihamishia duka katika muongo usio wake.

Majengo pia hushuhudia, kwa kiasi. Paa la upinde ambalo kampuni ya supamaketi ya Safeway ililieneza baada ya kujenga tawi la Marina, San Francisco, mwaka 1959, hutambulika hata pale ambapo ndani yake sasa kuna shughuli nyingine kabisa. Hata hivyo paa peke yake halitoshi, kwani washindani waliiga. Wazee nao hukumbuka jina la duka vizuri lakini miaka huwachanganya, hivyo ni afadhali kuwauliza jirani wa duka alikuwa nani, kisha kumtafuta jirani huyo kitabuni. Orodha ya matawi isiyo na namba za nyumba, hata iwe ndefu namna gani, mimi huiweka kando mpaka kitabu cha anwani cha miaka ile kipatikane.