Lacha Huandaliwa Kuanzia Miguuni

Kiangazi kikiingia Uingereza, viwanja vya vijijini hujaa maonyesho: ng'ombe, farasi, matrekta ya zamani, na karibu kila mahali kipande cha nyasi kilichozungushiwa kamba kwa ajili ya mbwa. Mimi huenda kuwaangalia malacha, mbwa chotara wenye damu ya mbio, ambao kwa Kiingereza huitwa lurcher. Na kila ninapokutana na mtu anayemwandaa wake kwa onyesho la kwanza, maswali huwa yaleyale: amwogeshe kwa shampuu gani, ampunguze manyoya, amvalishe kola ipi? Hayo ni maswali ya mwisho kabisa. Lacha huandaliwa kuanzia miguuni, tena miezi miwili au mitatu kabla ya siku yenyewe.

Tumwelewe kwanza mnyama mwenyewe. Lacha ni chotara wa makusudi. Upande mmoja ana damu ya mbwa wa mbio, kama greihaundi, wipeti au saluki. Upande wa pili mara nyingi ana damu ya mbwa wa kazi, kama koli anayechunga kondoo au terria wa Bedlington. Mbio zinatoka huku, akili na uvumilivu vinatoka kule. Anayetaka mbwa mwenye pumzi ndefu hutafuta damu ya saluki, mbwa ambaye Waarabu wamewinda naye kwa karne nyingi. Kennel Club, chama cha mbwa kilichoanzishwa London mwaka 1873, kilimtambua saluki mwaka 1923. Lacha hakijamtambua kuwa aina ya mbwa hadi leo, kwa hiyo hana maandishi rasmi yanayosema sikio lake lisimame vipi au mkia wake ujikunje kiasi gani. Kwangu mimi hiyo ni neema kubwa. Jaji analazimika kuutazama mwili na kujiuliza swali moja la maana: mbwa huyu anaweza kumfukuza sungura, akamkata kona, na kesho yake akaamka bila kuchechemea?

Makundi ya mashindano hutofautiana kutoka onyesho hadi onyesho, ila mara nyingi hugawanywa kwa kimo na manyoya: walio chini ya inchi 23 begani, yaani kama sentimita 58, na walio juu ya hapo, wenye manyoya laini na wenye manyoya magumu, kisha watoto na wazee. Mpime mbwa wako nyumbani akiwa amesimama sawa, ili usifike kwenye meza ya kujiandikisha ukaanza kubahatisha.

Sasa miguu. Vidole vinatakiwa vifumbatane na vikanyagio viwe vinene. Kucha zikirefuka husukuma vidole juu na kuutanua wayo, na mbwa huanza kukanyaga vibaya hadi begani. Usizikate zote usiku wa kuamkia onyesho. Ndani ya ukucha mna mshipa wa damu, na ukucha ukiachwa urefuke, mshipa nao hurefuka. Ukipunguza kidogo kila wiki, mshipa hurudi nyuma taratibu na ukucha unafupika bila maumivu. Wenye kucha nyeusi wanahitaji subira zaidi, kwa kuwa mshipa hauonekani.

Matembezi ya kila siku kwenye barabara ya lami, kwa mwendo wa haraka usiokuwa wa kukimbia, hukomaza vikanyagio na kujenga misuli ya mapaja na kiuno. Baada ya hapo mpeleke kwenye uwanja ulio salama, akimbie kwa nguvu zake zote mara chache kwa wiki. Mbwa wa mbio hujengwa kwa kukimbia. Hakuna chakula cha kopo kitakachofanya kazi hiyo. Angalia pia sugu kwenye vikanyagio, tatizo linalowapata sana greihaundi na wenye damu yao. Mbwa mwenye sugu huchechemea kwenye lami na kutembea vizuri kwenye nyasi, kwa hiyo jaji anaweza asigundue lolote. Lakini wewe unajua, na mbwa anajua. Huyo apelekwe kwa daktari wa mifugo, onyesho litakuja jingine.

Kuhusu uzito, jiandae kulaumiwa na wapita njia. Lacha aliye sawasawa huonyesha mbavu chache za mwisho na mifupa ya nyonga, na wasiomjua watakuambia unamnyima chakula. Usikubali kumnenepesha ili kuwaridhisha. Tofauti ya mbwa mwenye njaa na mbwa aliye fiti iko kwenye mgongo na mapaja: wa kwanza ni mifupa mitupu, wa pili ukimgusa unakutana na misuli iliyojaa.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni mikono ya mtu mgeni. Jaji atafunua midomo aone meno, atapitisha kiganja mgongoni, atabonyeza kiuno, atainua wayo mmoja mmoja, na kama ni dume huenda akahakikisha kokwa zote mbili zimeshuka. Lacha ana ngozi nyembamba na moyo mwepesi. Mbwa ambaye hajazoea kushikwa atajikunja mkia tumboni, na misuli yote uliyoihangaikia haitaonekana. Basi omba jirani, shangazi, mzee mwenye kofia na fimbo, kila mmoja amshike kwa sekunde chache na kumpa kipande cha nyama. Usimfokee hata kidogo. Mbwa hawa wakifokewa hujifunga, na kuwafungua tena ni kazi ya wiki nyingi.

Mfundishe kusimama kwa utulivu, kamba ikiwa imelegea, miguu minne chini yake. Sipendi kumwona mtu akimvuta lacha miguu ya nyuma na kumning'iniza shingo juu kama sanamu. Mwendo nao ufanyie mazoezi, kwenda na kurudi, kisha pembetatu. Baadhi ya mbwa wa mbio hupenda kutembea kama ngamia, miguu ya upande mmoja ikienda pamoja, na hapo jaji hawezi kuona jinsi wanavyotupa hatua. Ongeza kasi kidogo au mgeuze ghafla, ataingia kwenye mwendo unaofaa.

Halafu kuna vimbwa vidogo. Jicho la lacha limeumbwa kukamata kitu kidogo kinachokimbia, na uwanja wa maonyesho umejaa vitu vidogo vinavyokimbia na kubweka. Nenda naye kwanza kama mtazamaji, msimame mbali, msogee kadiri anavyotulia. Akishindwa kabisa kuondoa macho kwa mbwa mdogo, mwaka huu bado. Msimamo wangu hapo haulegei, kwa kuwa atakayeumia ni mbwa wa mwenzako.

Makovu usiyafiche. Seng'enge na miiba huwachana sana mbwa hawa, na jaji anayejua kazi hamwondolei mbwa alama kwa kovu lililopona vizuri. Kumpaka rangi au unga ili kulifunika ni kumdanganya jaji na kumdharau mbwa.

Kuogesha kwenyewe, ikiwa kuna haja, kufanyike siku tatu nne kabla. Mwenye manyoya magumu akioshwa sana hulainika na kupoteza sura yake. Kitana na mkono vinamtosha. Kola iwe pana, ya ngozi, kwa sababu kichwa chembamba huchomoka kwa urahisi kwenye kola ya kawaida. Iwe pia na kibati chenye jina na anwani yako: agizo la serikali ya Uingereza la mwaka 1992 kuhusu kudhibiti mbwa linataka hivyo mbwa akiwa mahali pa umma.

Siku yenyewe beba maji, blanketi la kulalia na koti la asubuhi, maana lacha ana mafuta machache mwilini na nyasi za Uingereza zina umande hata mwezi wa Julai. Usimwache kwenye gari, kwa ajili ya joto na kwa ajili ya wezi pia, kwani lacha mzuri ana wanaomtamani. Fika mapema, mtembeze, ajisaidie, anuse uwanja wote. Na msipopata utepe wa ushindi, msubiri jaji amalize makundi yake, kisha umuulize kwa adabu aliona nini kwenye nyayo na kiuno cha mbwa wako. Andika atakachokuambia. Hayo ndiyo mtakayoyafanyia mazoezi hadi onyesho linalofuata.